Karani Aliyesikiliza Mahindi

Alikuwa na tabia moja iliyomtia kila mtu wasiwasi: akiingia nyumbani kwako, kabla hajakaa, aliomba kusikiliza mahindi yako. Si kuyaona, kuyasikiliza. Alivua kofia, akapiga goti kando ya kihenge, akaegesha sikio la kulia kwenye fito na kuinua kidole ili tunyamaze. Watoto walizibwa midomo, kuku wakafukuzwa nje. Tukabaki hapo, nyumba nzima, tukimtazama mtu mzima mwenye soksi ndefu za kaki akisikiliza chakula.

Wageni walicheka. Sisi wa bondeni hatukucheka, maana tulijua anasikiliza nini. Wadudu wa fukusi wakizidi ndani ya mahindi hutoa sauti, ndogo sana, kama manyunyu juu ya majani makavu. Ukishaisikia mara moja umeisikia maisha yako yote. Mimi sasa ni bibi, wajukuu zangu wananunua unga wa dukani, na bado nikipita karibu na gunia la mahindi sokoni naharakisha mwendo.

Karani wa Mbegu ndiyo ilikuwa kazi yake, na kwetu ndilo lilikuwa jina lake. Alikuwa na jina jingine bila shaka, na mimi nalijua, lakini sitaliandika. Kituo cha majaribio ya nafaka kilikuwa juu ya mteremko, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu kutoka Mbeya mjini, na kijiji chetu kilikuwa bondeni chini yake, ng'ambo ya mto. Miaka ya hamsini ilikuwa ndiyo kwanza imeanza. Kule kituoni alikuwapo Mzungu mkuu, ambaye tulimwona akipita. Halafu alikuwapo Karani, ambaye ndiye aliyejua kila kitu. Chini yake vibarua wa shamba, na mwisho sisi wanawake sita wa chumba cha mbegu, wachambuaji. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na mdomo mrefu. Aliipenda mikono yangu na akauvumilia mdomo wangu, na mimi nilimwogopa siku tatu za kwanza tu.

Kazi yetu ilikuwa masinia. Unamwagiwa mahindi kwenye sinia, unatoa yaliyovunjika, yaliyobunguliwa, madogo na yenye rangi isiyotakiwa, na mazima unayahesabu hamsini hamsini. Sinia likiisha unapiga chaki moja ubaoni kwenye mstari wako. Jioni Karani alihesabu chaki za kila mmoja na kuzihamishia kwenye daftari lake jeusi. Ukimwambia leo tumefanya mengi, alikukata hapohapo: "Usiniambie mengi. Niambie mangapi."

Neno hilo, mangapi, lilimkaa mdomoni. Aliuliza nyumbani mko wangapi, umetembea hatua ngapi kutoka mtoni, mama yako ana kuku wangapi. Alijua hindi moja la kila shamba la majaribio lina mistari mingapi na punje ngapi kwenye kila mstari. Shangazi yangu, ambaye hakuwahi kumheshimu mwanamume yeyote mwenye saa ya mkononi, alimwuliza siku moja mbele za watu, "Bwana Karani, na nywele za mke wako umehesabu?" Akajibu kwa utulivu kwamba mke wake yuko Iringa, na hesabu hiyo ataifanya akienda likizo. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Ndivyo alivyokuwa zamani, mtu wa kutaniwa na kujibu.

Alikuwa msafi kupita kiasi na hakujua kupika kabisa. Kiatu chake kilikuwa kinang'aa wakati wa masika, matope yakiwa mpaka magotini kwetu, lakini uji wake ulikuwa unaungua kila asubuhi na harufu tuliipata tukiwa bado tunapanda mlima. Ijumaa alivaa kanzu akaenda mjini kuswali, akarudi na chumvi na sabuni, akazigawa kwa vibarua bila kupima. Hilo lilinishangaza. Mtu aliyepima mbegu kwa kiberiti, kiberiti kimoja cha mbegu kwa kila mstari wa shamba, alikuwa anagawa chumvi yake kwa konzi, na aliyekuwa na watoto wengi alipata konzi kubwa zaidi.

Na jambo jingine nililigundua baadaye sana, nilipokuwa na jiko langu mwenyewe. Karani aliyajua mahindi shambani na aliyajua mezani yakiwa ugali. Hapo katikati hakupajua. Kabla ya njaa hakuwahi kuingia jikoni kwa mtu, hakuwahi kuinua macho aone tunaning'iniza nini juu ya moto na kwa nini. Nasema hivi bila kumtukana. Nilifanya kazi chini yake na sikuwahi kumwambia.

Mahindi mapya yalikuwa mazuri, sitaki kudanganya. Hindi lilijaa kiganja, punje nyeupe, kubwa, laini, unga wake mwingi. Yetu ya zamani yalikuwa mafupi, punje ngumu za njano na zambarau zimechanganyika, na maganda marefu yaliyoifunga ncha yote hata kuyamenya ilibidi utumie meno. Kwenye mizani ya Karani mapya yaliyashinda ya zamani karibu mara mbili. Alifurahi kama mtu aliyepata mtoto wa kiume. Alizunguka na hindi moja mfukoni mwa koti akimwonyesha kila aliyekutana naye, hata wachunga ng'ombe wa Kisangu waliokuja kuuza maziwa na hawakuwa na haja nalo.

Shida ilikuwa chavua. Alitueleza mwenyewe siku ya mkutano, akiwa amesimama juu ya sanduku la sabuni. Upepo huchukua chavua ya mahindi haya na kuipeleka kwenye yale, na mapya yakiwa jirani na ya zamani yataharibika, mwaka wa tatu hayatakuwa haya wala yale. Ili ipatikane mbegu safi ya kutosha nyanda zote, Mbeya mpaka Iringa, lazima pawe na mahali palipozungukwa na vilima, ambapo hapana hata mmea mmoja wa aina nyingine. Bonde letu ndilo lilikuwa limezungukwa na vilima. Kila nyumba ilete mbegu yake ya zamani, debe kwa debe ipewe mpya.

Mzee mmoja aliuliza, "Na hii yetu, Karani, itaenda wapi?"

"Itapelekwa kituoni."

"Mtaitunza?"

"Mzee wangu, kituo hakitupi kitu."

Ilisagwa. Ililiwa na vibarua, ugali wa wiki mbili na nusu. Mimi mwenyewe niliula.

Ninapoeleza habari hizi kwa watu wa leo huniuliza, sasa nyie hamkuficha hata kidogo? Hapo ndipo pagumu. Zaidi ya mwaka mmoja baadaye, njaa imekwisha, Karani alisimama katikati ya chumba cha mbegu bila kuulizwa na mtu akasema, "Nilidhani mtaficha. Kila mkulima niliyewahi kumjua akiambiwa alete yote anaficha. Ndiyo maana sikuweka akiba ya mbegu yenu kituoni. Laiti mngeniibia kidogo tu." Mkubwa wetu pale chumbani, mama mtu mzima wa Kisafwa, hakuacha kuchambua. Alimjibu, "Sisi tulijua ofisi inaweka. Ofisi inaweka kila kitu, hata karatasi chafu. Na tulikupenda, Karani. Ile siku kila mtu alisema, huyu hatumwibii." Karani alitoka nje na hatukumwona mpaka jioni.

Sikuinua macho kwenye sinia langu siku ile. Kwa sababu nyumba moja ilikuwa imemwibia, na ilikuwa yetu.

Mama yangu hakuwa mkaidi. Baba alikuwa Chunya kwenye machimbo ya dhahabu, anarudi mara moja kwa mwaka, na mama alizoea kuweka akiba ya kila kitu kwa kuwa hakujua baba atarudi na nini. Asubuhi ya kupeleka debe alitoa mahindi kumi na mawili yenye maganda yake, akayafunga kwa kamba na kuyachomeka juu kabisa, chini ya nyasi za paa, pale moshi unapokusanyika. Yaliyobaki tukayapukuchua ndani ya debe. Debe lilipungua, upana wa vidole vitatu hivi. Mimi ndiye niliyelibeba mpaka kituoni. Karani aliweka kiganja chake juu ya mahindi, akayasawazisha, akaandika. Nikasema moyoni, leo huyu mtu amechoka, hajaona.

Mwaka ule tulilima mahindi mapya mpaka kwenye vishamba vya ulezi. Hakuna aliyetulazimisha kwenye ulezi, hiyo ilikuwa tamaa yetu wenyewe. Tulivuna mpaka dari zikapinda. Mama peke yake ndiye aliyekuwa hana furaha. Karani alipopita kupima mavuno, mama alimwonyesha hindi jipya, ncha yake imetokeza nje ya maganda, nyeupe.

"Karani, hii mahindi yako inalala uchi."

Karani alicheka. "Ndiyo maana inakauka haraka, mama."

"Haya. Mimi nimesema."

Kituoni mbegu zilikuwa kwenye madebe yenye vifuniko, zimepakwa dawa, hakuna mdudu aliyezigusa. Karani alikuwa amepima kila kitu isipokuwa muda. Hakuna aliyekuwa amekaa na mahindi yale juu ya dari ya jikoni kuanzia mwezi wa saba mpaka wa pili aone itakuwaje. Mwezi wa kumi tulianza kusikia ile sauti. Krismasi ilipofika, ukishika hindi linakuwa jepesi, ukilipiga linamwaga vumbi. Kuna nyumba waliteremsha mavuno yote ya dari wakapata nusu debe la mahindi ya kula.

Mwezi wa kwanza wanaume wa bondeni walipanda kituoni. Walijua ghala la mbegu limejaa mahindi. Karani alisimama mlangoni amepanua mikono.

"Ndugu zangu, ni sumu! Imepakwa dawa! Mtakufa!"

"Tutakufa hata hivyo," mmoja akasema. "Si wewe umetupa hii mbegu?"

"Ni mimi."

"Basi toka mlangoni."

Hakutoka. Alikaa pale mlangoni siku tatu, anakula hapo, anaswali hapo, na watu walimtemea mate. Alikuwa anasema kweli, mahindi yale yangewaua. Lakini nadhani hapo ndipo kitu kilipokatika ndani yake, kuzuia kwa mikono yake watu wenye njaa wasifike kwenye mahindi. Lori la chakula liliahidiwa kutoka Rujewa, mchele na mtama. Barabara ilikuwa tope tupu. Lilifika mwezi wa pili ukielekea kuisha.

Sasa niseme letu. Katikati ya mwezi wa kwanza mvua ilianza kunyesha kutwa kucha, na mama akasema mvua hii nzuri, moshi hautapanda. Akayateremsha yale mahindi kumi na mawili. Yalikuwa meusi kwa masizi nje, na ndani safi, hakuna hata punje moja iliyotobolewa. Tuliyapukuchua kwa viganja, tukasaga, magunzi tukachoma. Tulikuwa wanne: mama, mimi, na wadogo zangu wawili. Tulikula mlango umefungwa, alfajiri kabla sijapanda kazini, siku nne. Jioni ya siku ya nne hakukuwa na kitu tena, na mbegu ya bonde zima ilikuwa matumboni mwetu.

Jirani yetu alikuwa Mama Sekela, tumetenganishwa na ua wa matete. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Sekela, wa miaka minne. Siku ya sita tuliitwa kwake msibani.

Mama aliniapisha. Alisema maadamu yeye anaishi na majirani hawa, neno hili lisitoke kinywani mwangu, si kwa mume, si kwa padri. Nikaapa. Kuanzia hapo kila nilichokiona kwa Karani nilikiona nikiwa na kiapo hicho kooni.

Wiki mbili baada ya mazishi alikuja kwetu. Alikuwa amekonda kuliko sisi. Watu walisema anafunga, na haukuwa mwezi wa Ramadhani, na alipoulizwa alisema tumbo linamsumbua. Alitukuta uani, mama, mimi na Mama Sekela aliyekuja kuomba moto. Akavua kofia, akatuamkia kwa lugha ya kwetu.

"Mwagona, mama."

"Mwagona, Bwana Karani."

"Ninatafuta ile mbegu yenu ya zamani. Hata punje kumi. Nyumba hii haikubakisha?"

Mama Sekela aligeuka akamtazama mama yangu. Mama hakubabaika. "Sisi tulitoa yote."

"Najua, mama," Karani akasema haraka, kwa sauti kubwa kuliko kawaida yake. "Niliandika mwenyewe. Debe la nyumba hii lilijaa." Halafu akaomba kuingia jikoni kusikiliza dari yetu, ambayo haikuwa na kitu. Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwona akifanya hivyo.

Nilimdharau, ninakiri. Nilisema moyoni, na kuhesabu kote kule, mama yangu asiyejua kusoma amemzidi akili.

Hakuacha kutafuta. Walimhamisha Iringa, kwenye ofisi ambayo haikuwa na mbegu wala mizani, na kila mwaka likizo yake aliitumia kwa kazi hiyo. Alishuka kwenye basi Mbeya, akaazima baiskeli, akaanza. Alikwenda Rujewa kuwauliza wakulima wa mpunga kama kuna aliyebadilishana mahindi na watu wetu zamani. Alipanda kwa Wasafwa wa milimani, nyumba kwa nyumba. Alifika Chunya, kwenye machimbo, na baba yangu alimkuta amechuchumaa kwenye vumbi akiwafungulia wachimbaji mabunda yao, anawauliza mlipotoka nyumbani mlibeba mahindi gani. Kijana mmoja akamwuzia kibaba cha mahindi ya njano. Karani akayatazama kwenye jua, punje moja moja, akamshukuru, akamrudishia. Baba alitusimulia akicheka. Mama alikwenda kuchota maji ambayo hatukuyahitaji.

Neno lake lilikuwa limebadilika pia. Hakuuliza tena mangapi. Ukimwambia mwaka huu tumevuna vizuri, aliuliza, "Mpaka lini?" Ukimwambia mpaka mwezi wa tatu, alisema, "Ngoja nisikilize." Kuna watu walianza kumkwepa. Kuna nyumba alisikiliza akavuta pumzi na kuondoka, na wenyewe wakafungua kihenge siku hiyohiyo wakakuta vumbi. Watoto walibuni mchezo wa kumwigiza, mmoja anapiga goti, wengine wananyamaza, wa kwanza kucheka ndiye fukusi.

Kwetu alikuja kila mwaka. Alikunywa uji, akasikiliza, na kabla ya kuaga aliuliza lilelile, kila mara watu wakiwapo. "Mama, hujasikia popote?" Na mama alijibu, "Bado, Bwana Karani." Nilikuwa natoka nje. Niliwachukia wote wawili kwa jinsi walivyoweza kuyasema maneno hayo kwa upole vile. Mwaka mmoja nilifungua mdomo kabisa nimwambie acha, nenda kwa mke wako, haipo. Mama alinitazama tu. Kisha Mama Sekela akapita uani na kifurushi cha viazi vitamu vya kuchemsha, akamfungia Karani kwenye kitambaa ale njiani.

"Unampa huyu?" nikamwuliza Karani alipoondoka. Ulikuwa ule mdomo wangu.

"Huyu angalau anatafuta," akasema.

Niliolewa Iringa, na fundi cherehani. Nilipata watoto wawili. Mtu angedhani mji mwingine na mume mwema vingenisahaulisha. Lakini wa kwanza alipofikisha miaka minne nilishindwa kumlisha ugali kwa mkono wangu, nilimwachia shemeji, na sikuweza kumweleza mtu sababu. Muongo ule ulikuwa ukingoni mama alipofariki. Nilikwenda Mbeya kumzika. Mama Sekela ndiye aliyemwosha. Alimwosha taratibu, akimwita dada, na mimi nilisimama pale nikishika ndoo.

Kiapo kilikuwa kimekwisha. Niliporudi Iringa sikupita hata nyumbani. Nilikuwa nimesikia kwamba Karani ameacha kazi ya serikali, yuko kwa mfanyabiashara mmoja wa nafaka karibu na soko, mzee wa Kiislamu ambaye hakununua gunia kabla Karani hajaliwekea sikio. Nilimkuta ghalani, amekaa kwenye kigoda, koti lilelile limechakaa mabegani. Ndevu zilikuwa nyeupe. Wapagazi walikuwa wametoka kula.

"Shikamoo, Bwana Karani."

"Marahaba." Alinitazama kidogo. "Wa ng'ambo ya mto. Mikono myepesi."

"Mama amefariki."

Alisema inna lillahi, akanisogezea gunia tupu nikae. Sikukaa. Niliogopa nikikaa nitashindwa.

"Nimekuja kukuambia kitu. Ile mbegu ilikuwepo. Ilikuwa kwetu, mahindi kumi na mawili. Wakati wa njaa tukaila. Ulipokuja kuuliza ilikuwa imeshakwisha wiki mbili na zaidi."

Nilikuwa nimejiandaa kwa mengi, alie, anipige, anifukuze. Aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayesikia hesabu iliyokwisha kupigwa.

"Najua, mwanangu."

"Unajua nini?"

"Debe lenu lilipungua. Niliweka mkono juu ili kibarua wa mizani asione, nikaandika limejaa. Nilifurahi sana siku ile. Nikasema, angalau mmoja kaniibia." Akakuna goti. "Halafu mwezi wa kwanza wachambuaji wote mlikuwa mnatetemeka. Masinia matano kwa siku, manne. Wewe siku nne ukafanya tisa, tisa, kumi, tisa. Siku ya tano ukarudi kwenye manne. Nikajua imekwisha."

Nilipandisha sauti, sikujali nani anasikia. "Sasa ulikuwa unatafuta nini miaka yote ile? Chunya, Rujewa, ulikuwa unatafuta nini?"

"Mwaka wa kwanza nilitafuta kweli. Nilisema labda kuna mwingine kama mama yako. Baadaye nikaona nikiacha, watu wataanza kuulizana ilipotelea kwa nani. Mtu akiwa anatafuta, wanamtazama yeye." Akafikiri. "Na yule mama alikuwa ananifungia viazi. Ningeanzaje kumwambia nimeacha?"

Ilinipasa kumshukuru. Nilichosikia ni hasira. Miaka yote ile nilidhani nimebeba kitu peke yangu, nikamdharau yeye kwa kutojua, kumbe alikuwa anapiga goti jikoni kwetu mbele ya majirani akijua dari ile ilibeba nini. Amemwita mama yangu mama kila mwaka, akamwuliza swali ambalo jibu lake anajua, ili Mama Sekela asikie jibu. Hapo ndipo nilipokaa kwenye lile gunia.

"Mama yako alikuwa na watoto watatu ndani," akasema. "Usimhukumu. Mimi simhukumu. Nimeswali kwa ajili yake kila siku."

Nikaanza kukunja ncha ya lile gunia.

"Niambie kitu kimoja," akasema. "Mimi sikuwahi kula ile mbegu. Niliipima tu. Ilikuwa tamu?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza. Nikamwambia ndiyo, ilikuwa tamu, tangu nizaliwe sijala kitu kitamu vile, na hiyo ndiyo aibu yenyewe. Na kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza, nikamwambia na lile ambalo masinia hayakuweza kumwambia. Siku zote nne Sekela alikuwa analia ng'ambo ya ua na tulimsikia vizuri. Siku ya pili mdogo wangu aliinuka na kibakuli chake ampelekee. Mama alimtazama tu, alikuwa anamwacha aende. Ni mimi niliyemshika mkono na kumkalisha.